Barua ya Kuondoa Kesi Ilikuwa na Jina Langu... na Sikuiandika Mimi!

"Waheshimiwa Majaji, mleta maombi ameiondoa kesi yake. Barua yake hii hapa."

Wakili wa Serikali alisema hivyo akiwa amesimama, karatasi iko mkononi, sauti imetulia kabisa.

Mimi ndiye mleta maombi.

Na sikuwa nimeandika barua yoyote!

Jamani, niliganda. Mahakama Kuu Tanga, majaji watatu mbele, na mimi nimekaa benchi la mbele kama niliyemwagiwa maji ya baridi.

Wakili wangu, Serafina, aligeuka taratibu akaniangalia. Yale macho sitayasahau. Hayakuwa macho ya huruma. Yalikuwa yananiuliza... umetuuza?

"Barua inasema," wakili wa Serikali akaendelea, "mleta maombi amepatana na ukoo wa marehemu mumewe, hamtambui tena wakili wake, na hataki kuendelea. Imeambatanishwa na kopi ya kitambulisho chake cha NIDA."

"Siyo yangu!" nikaropoka.

"Mama, kaa chini," jaji wa katikati akaniambia. Hakuwa mkali. Akamgeukia Serafina. "Wakili, una wiki mbili. Leta maelezo kwa kiapo. Siku hiyo tutamsikia na mwenyewe."

Kesi ikaahirishwa.

Kaka yangu Dennis alikuwa amekaa nyuma yangu. Akanishika bega.

"Usilie, dada. Huyu aliyefanya hivi tutampata."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Naitwa Elina. Nakaa Manundu, hapa Korogwe mjini. Nauza nguo za watoto za mtumba, nazungusha kwa miguu nyumba hadi nyumba. Zamani sikuwa hivi. Nilikuwa na mume, Kaleb, na shamba letu Magoma. Tulilima mahindi na maharage miaka kumi na tatu.

Kaleb akafariki kwa ajali ya pikipiki.

Arobaini haijaisha, shemeji yangu Nicolaus akaja na wazee wawili wa ukoo.

"Shemeji, pole sana. Sasa shamba linarudi kwenye ukoo."

"Linarudi vipi? Nusu ya lile pori nimelifyeka mimi kwa mikono yangu!"

"Siyo mimi. Ni sheria."

Nikajua ananitisha tu. Nikaenda kudai ofisi ya kata. Kumbe hakuwa anadanganya! Ipo sheria ya mila, Serikali iliiandika miaka ya zamani, inasema mjane hana fungu kwenye mali ya ukoo wa mumewe. Atunzwe na watoto. Na mimi na Kaleb Mungu hakutujalia mtoto.

Nikatoka Magoma na begi moja na sufuria.

Aliyenipokea ni Dennis, kaka yangu wa pekee. Ananunua mahindi Sindeni, kule Handeni, anapeleka mjini. Alinitafutia chumba Manundu. Na ni yeye aliyenipeleka kwa Serafina, wakili anayesaidia wanawake bila malipo.

Serafina akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Elina, tukimshtaki Nicolaus tutashindwa, maana sheria iko upande wake. Inabidi tuishtaki sheria yenyewe. Katiba inasema watu wote ni sawa. Sheria hii inasema wewe siyo sawa. Tutaishtaki Serikali."

Niliogopa, msinione jasiri. Mimi muuza mtumba niishtaki Serikali?

Dennis ndiye aliyenitia moyo.

"Dada, piga kazi! Hao kina Nicolaus wamezoea kudhulumu wajane. Mimi niko nyuma yako."

Basi ndivyo tulivyofika Tanga. Sasa turudi kwenye barua.

Tulipotoka mahakamani, Serafina alinivuta pembeni.

"Niambie ukweli. Wamekutisha? Wamekuahidi kitu?"

"Dada Serafina, wallahi... naapa kwa Mungu wangu, sijui chochote."

"Kopi niliyopewa imefifia, sahihi inaonekana doa tu. Ya asili iko kwenye faili. Lakini kitambulisho ni chako, Elina. Namba ni yako. Aliyeandika ni mtu wa karibu."

Mtu wa karibu.

Hilo neno lilinikaa kifuani kama mwiba. Kila niliyemsalimia nilimtazama mara mbili. Mama mwenye nyumba aliniuliza tu, "Kesi imefikia wapi?" na mimi moyoni, kwa nini anataka kujua? Nikaanza hata kumhisi Serafina! Nikawaza, si yeye ana kopi za vitambulisho vyangu vyote? Kama kanunuliwa je?

Halafu nikakumbuka jambo.

Wiki tatu kabla, mama mkwe wangu alikuja Manundu kunitembelea. Bi Asnath, mama yake Kaleb. Mzee wa miaka sabini na kitu, anaishi Magoma kwa Nicolaus. Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akakaa, akanywa chai, akauliza afya, akaondoka.

Na baada ya kuondoka, bahasha yangu ya karatasi za kesi sikuiona tena!

Nilidhani nimeisahau mahali. Sasa akili ikaanza kuunganisha. Mle ndani kulikuwa na kopi ya NIDA.

Nikampigia Dennis.

"Si nilikwambia?" akasema. "Ni huyo bibi. Nicolaus kamtuma. Usimwamini hata akilia."

"Lakini mama mkwe hajui kusoma wala kuandika, kaka."

"Nicolaus anajua!"

Siku nne baadaye nilikuwa napita barabara ya sokoni na mzigo wangu. Nikamwona kwa macho yangu mawili. Bi Asnath anatoka kwenye steshenari, bahasha ya kaki mkononi. Aliponiona, akaificha ndani ya kanga!

Damu ilinipanda.

"Shikamoo mama!" nilisema, lakini kwa shari.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Nionyeshe ulichoficha."

Hakubisha. Akatoa. Bahasha yangu! Ile ile, yenye jina langu juu!

"Umeniibia karatasi zangu, mama? Umempelekea Nicolaus?"

"Mwanangu, mimi sijui kusoma. Nilitaka nisomewe. Nisikie kwa masikio yangu umeandika nini juu ya marehemu mwanangu."

"Si ungeniuliza mimi?"

"Ningekuuliza, ungenisomea yale unayotaka nisikie."

Wasomaji wangu, nilimfokea mzee yule mbele za watu. Nilimwita mnafiki. Nilimwambia asikanyage tena kwangu. Yeye alisimama tu, kanga imemshuka begani, anasikiliza.

Nilipomaliza akasema, "Tutaonana Tanga."

Tanga?! Anakwenda Tanga kufanya nini?

Nikampigia Dennis. Akacheka. "Unaona? Anakwenda kutoa ushahidi dhidi yako. Dada, ushauri wangu... hii kesi iache. Wameshakuzidi. Mimi nitakutafutia mtaji uendelee na biashara yako."

Nilishangaa kidogo. Kaka aliyekuwa ananiambia piga kazi, leo anasema iache? Lakini nikajua ni huruma tu. Amechoka kuniona nalia.

Siku ikafika.

Niliingia mahakamani, Dennis nyuma yangu kama kawaida. Upande wa kushoto, benchi la mwisho, kakaa Bi Asnath, kavaa gauni lake la kanisani. Sikumsalimia. Mungu anisamehe.

Nikaitwa mbele. Nikaapa kusema kweli tupu.

Karani akaniletea barua yenyewe, ile ya asili, siyo kopi.

"Itazame sahihi," jaji akasema. "Ni yako?"

Nikaitazama.

Nikaisogeza karibu na macho.

Mjue, mimi toka niolewe nasaini *E. Kaleb*. Benki, kiapo cha kesi, kila mahali. Magoma nzima hakuna anayejua sahihi nyingine. Lakini kwenye ile barua palikuwa na *Elina Hiza*, herufi H ina mkia mrefu unaozunguka jina lote kama kamba.

Hiyo ni sahihi yangu ya usichana! Ya enzi za shule!

Nilishaisahau. Mara ya mwisho niliiweka nikiwa na miaka kumi na tisa, baba yetu Mzee Hiza alipofariki. Ukoo ulikaa Sindeni, ukaandika muhtasari kwamba shamba la baba litakuwa chini ya Dennis, mtoto wa kiume. Mimi na mdogo wangu Lea tukaambiwa tusaini. Tukasaini bila hata kusoma.

Ule muhtasari uko sehemu moja tu duniani.

Kwenye sanduku la Dennis.

"Mama, nimekuuliza. Ni yako?"

"Mheshimiwa... sahihi ni yangu. Lakini sikuiweka mimi. Ni sahihi niliyoiacha miaka mingi."

"Nani mwingine anaifahamu?"

 Nikageuka nyuma. Dennis alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa pole pole. Usiseme. Midomo yake ilisema hivyo. *Usiseme.*

Huyu ndiye aliyenipokea na begi langu. Aliyenilipia chumba. Tumenyonya ziwa moja.

Na nimeshaapa.

"Kaka yangu," nikasema. "Dennis Hiza. Yule pale."

"Muongo!" Dennis akasimama. "Elina, umechanganyikiwa!"

Askari wa mahakama akamwambia akae. Hakukaa. Akaanza kuelekea mlangoni, askari wakamsimamisha.

Serafina akainuka. Akaomba kuwasilisha hati nyingine ya kiapo. Nikajua sasa nimekwisha, sijui ni nini tena.

"Ni kiapo cha Bi Asnath, mama mzazi wa marehemu Kaleb. Alikuja mwenyewe ofisini kwangu wiki iliyopita, akaomba nisimwambie mtu mpaka leo. Amesomewa maombi yote, neno kwa neno. Na anayaunga mkono."

Anayaunga mkono?!

Kikasomwa. Nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia miaka yote ya ndoa yangu. Kwamba mumewe alipokufa, Kaleb akiwa ananyonya, ukoo ulimpa njia mbili: arithiwe na shemeji yake, au aondoke na kumwacha mtoto. Akakubali kurithiwa. Nicolaus alizaliwa kwa huyo shemeji. Kiapo kilimalizia hivi: "Sikutaka kubaki. Nilibaki kwa ajili ya mtoto. Sitaki mke wa mwanangu apitie nilikopita."

Nililia mbele ya majaji. Niliyemwita mnafiki sokoni!

Mahakama ikakataa ile barua. Ikaagiza polisi wachunguze aliyeighushi. Kesi ikaendelea, na shamba la Magoma likazuiwa kuuzwa hadi hukumu.

Nje, nilimkuta Dennis amesimama na askari wawili.

"Kwa nini, kaka? Wewe ndiye ulinileta kwa wakili!"

Akalipuka.

"Nilikuleta udai shamba la Kaleb! Nani alikutuma muongeze na mabinti?"

Hapo ndipo nikaelewa kila kitu.

Miezi miwili kabla, Serafina alikuwa ameongeza aya kwenye maombi. Ile sheria ya mila haimbagui mjane peke yake. Na binti naye inamweka mwisho kwenye mali ya baba yake. Serafina alisema tukiipinga, tuipinge yote. Dennis alikuwepo siku hiyo. Alikunywa soda, akatabasamu. Na kopi ya NIDA yangu alikuwa nayo tangu aliponitafutia chumba.

"Shamba la Sindeni lina mteja," akasema. "Barabara imepita pale, limepanda bei. Kesi hii ikishinda, wewe na Lea mtakuja kunidai. Nimelihangaikia peke yangu!"

"Dennis, mimi hata sikuwa nalifikiria lile shamba."

"Ungelifikiria."

Na unajua nini? Alisema kweli. Sasa nalifikiria.

"Utanishtaki mimi, Elina? Ndugu yako wa damu?"

"Mimi nimeishtaki sheria, kaka. Wewe umekwenda mwenyewe kusimama upande wake."

Nikamwacha pale. Bi Asnath alikuwa amekaa kwenye ngazi za mahakama, viatu kavua, anajikanda miguu. Nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe."

"Nyanyuka, utachafua kitenge. Umekula?"

Basi.  Tukaenda kula wali maharage kwa mama ntilie, mimi, yeye na Serafina. Nilimkatalia Serafina kulipa, nikamwomba msamaha naye kwa yale niliyomuwazia. Akacheka, akasema na yeye aliniwazia mabaya zaidi.

Leo Dennis yuko nje kwa dhamana, kesi yake ya kughushi inaendelea Tanga. Mama yetu mzazi hajapokea simu yangu mwezi wa pili huu. Inauma, sitadanganya. Mteja wa Sindeni alisikia habari, akapotea.

Nicolaus naye amemfukuza mama yake. Nakaa naye hapa Manundu, chumba kimoja, kitanda yeye, mkeka mimi.

Ndugu msomaji, ukianza kudai haki yako, adui anayekupinga waziwazi asikunyime raha. Mchunguze yule anayekupigia makofi. Muulize atakupigia mpaka wapi. Wapo wengi wanaotaka usawa nyumbani kwa jirani, ukigonga mlango wao wanatafuta kalamu.

Lea amejiunga na kesi. Hukumu ni mwezi ujao. Tutapanda basi la asubuhi, wanawake watatu, na mama mkwe ameshasema yeye anakaa dirishani.