Namba Kumi na Saba

Elinipa alimbonyeza samaki, mgebuka, kwa kidole kimoja, taratibu, kama anavyotafuta mshipa wa damu mkononi mwa mgonjwa.

"Dada, huyo ameshakufa," alisema mtu nyuma yake. "Hata ukimbonyeza mpaka jioni hatakwambia anaumwa wapi."

Soko la Mwanga mjini Kigoma lilikuwa limefurika Jumamosi ile, na harufu ya mawese ilipanda mpaka kwenye mabati. Elinipa aligeuka, akamwona kijana mrefu mwenye ovaroli ya rangi ya machungwa, kofia ngumu ameibana kwapani. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sketi ya kitenge cha bluu na raba nyeupe ambazo tangu asubuhi alikuwa akizinusuru na maji ya samaki.

"Mtazame mashavuni," kijana aliendelea. "Yakiwa mekundu, ni wa leo. Yakiwa kama vumbi la Mwandiga, ni wa juzi, na mama Semeni anajua."

"We Gaudensi!" mama Semeni muuza samaki alifoka huku akicheka. "Kama dada wa watu umempenda mwambie, usipitie kwenye samaki wangu!"

Elinipa aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alilipa bila kuangalia, akasahau samaki. Gaudensi ndiye aliyemkimbilia nao mpaka barabarani.

Huo ukawa ndio mwanzo. Gaudensi Ntahomvukiye aliendesha kreni katika kampuni moja ya kupakia mizigo bandarini, kwa mkataba wa muda. Elinipa alikuwa mtaalamu wa maabara binafsi mjini, mgeni kutoka Same asiyekuwa na ndugu Kigoma nzima. Kwa miezi mitatu walitembea ufukweni Bangwe jioni, wakila mahindi ya kuchoma na kutaniana.

"Mwakeye, Eli wangu," Gaudensi alimpigia kila asubuhi kumsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye. Nimesema vizuri leo?"

"Umesema kama mtu wa Same aliyemeza kokoto. Lakini nakupenda hivyohivyo."

Juu ya ndoa Gaudensi alikuwa na neno moja tu: akipata ajira ya kudumu. Mwanaume hachumbii mtu kwa mkataba wa miezi sita, alisema, na Elinipa hakubishana.

Kisha kampuni ikatangaza kwamba waendesha mitambo wote watapimwa dawa za kulevya kabla ya ajira za kudumu kutolewa. Kazi ya kupima ikapewa maabara ya Elinipa.

Jumanne asubuhi alifika bandarini na boksi la vichupa vya mkojo. Alipomwona Gaudensi kwenye foleni alitaka kumwambia mkuu wake, Veneranda, kwamba yule mtu ni wake. Lakini wanaume ishirini walikuwa wakisikiliza. Haya zikamfunga mdomo. Akampa kichupa chenye namba kumi na saba kama alivyowapa wengine, bila hata kuinua macho.

Kila mmoja alijaza fomu. Aliyeanza ni Castory, mkongwe wa kreni, na wengine wote wakanakili kwake, kama walivyozoea kunakili fomu zote za kampuni ile. Kwenye swali la dawa alizotumia mtu wiki mbili zilizopita, Castory aliandika HAPANA kwa herufi kubwa. Bandarini walijua kuwa mtu akionekana mgonjwa hapandi kreni. Ishirini wote wakaandika HAPANA.

Mchana ule, maabarani, Elinipa alichovya vipimo. Kwenye kipimo kile mstari ukitokea, mtu ni salama. Kwa namba kumi na saba mstari mmoja haukutokea: ule wa kundi la heroini na jamii yake. Alirudia. Alirudia tena kwa kipimo cha boksi jipya.

"Mkojo huu tunautuma Dar es Salaam ukathibitishwe," alisema Veneranda akiandika. "Na wewe funga mdomo. Ukimwambia yeyote kabla ya barua, hata matokeo ya wale wengine hayataaminiwa."

Saa kumi na moja simu ikaita.

"Eli! Leo umenipa kichupa kama unamkabidhi mwizi. Hata tabasamu?"

"Nilikuwa kazini, Gaude." Akamsikia akikohoa. "Hicho kikohozi... unakinywea nini?"

"Maji ya ziwa na mapenzi yako."

"Nauliza kweli."

"Mbona unaniuliza kama fomu? Niko fiti, mama. Sikiliza, nimeona nyumba ya vyumba viwili Kasingirima. Ina mpera uani."

Alimsimulia rangi ya kuta. Elinipa akacheka mahali pa kucheka. Alipokata simu alikaa amekishika kitambaa cha meza mpaka kikakunjamana chote.

Ijumaa barua ya majibu ya awali ilifika bandarini, na Gaudensi aliitwa ofisini akasimamishwa kazi mpaka Dar wathibitishe. Mchana ule ule maneno yalifika nyumbani kwao Bangwe kabla yake: mtoto wa Ntahomvukiye anakula unga.

"Ulijua lini?" Gaudensi alimuuliza Elinipa kwa simu.

"Gaude, nisikilize kwanza..."

"Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne nilikupigia. Tulicheka Jumanne! Nikakuelezea nyumba, Elinipa, mpaka rangi ya kuta, na wewe unajua."

"Sikuruhusiwa kusema."

"Haya. Endelea kutosema." Akakata.

Tangu hapo Gaudensi hakupokea simu. Ujumbe wa Elinipa aliusoma, hakujibu. Elinipa alipiga Dar kila asubuhi. Siku ya kwanza mtandao ulikuwa chini. Siku ya pili mhusika alikuwa kwenye semina. Siku ya nne dada mmoja alimuuliza kwa upole Kigoma iko mkoa gani. Siku ya sita wakamwambia mashine inasubiri kifaa, apige Jumatatu. Akapiga Jumatatu. Wakamwambia apige Jumatano.

Jumatano hakupiga. Alivaa gauni la kijani ambalo Gaudensi alilipenda, kisha akaona aibu kwa kulivaa, lakini muda wa kubadilisha haukuwapo. Akaenda Bangwe.

Gaudensi alikuwa uani anatengeneza stuli ambayo haikuwa imeharibika.

"Shikamoo mama," Elinipa alimsalimu mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huyu kikohozi kimeisha lakini hasira zimebaki. Kile nilikiweza kwa dawa ya jirani Carmen. Hizi sijui nizipe nini."

Elinipa alisimama wima. "Dawa gani, mama?"

Ilikuwa kwenye kabati la vyombo, chupa ya kahawia ambayo Carmen alikuja nayo kutoka Bujumbura kwa wema wake. Maandishi yote yalikuwa ya Kifaransa, lugha isiyosomwa na mtu nyumba ile. Lakini jina la dawa moja Elinipa alilijua, lugha yoyote. Kodeini. Jamaa ya heroini, na kipimo kile hakijui kuwatofautisha.

Alitoka nje na chupa. "Ulikunywa hii?"

"Vijiko viwili, usiku na asubuhi. Ndiyo nini?"

"Ndiyo unga wako! Mbona uliandika hapana?"

"Wote tuliandika hapana. Tulinakili kwa Castory."

"Unanakili hata mwili wako?"

"Mwenzetu Adolf alinakili mpaka tarehe ya kuzaliwa. Kwenye fomu yeye na Castory ni mapacha."

Elinipa alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo. Gaudensi aliweka nyundo chini lakini hakumsogelea.

"Ungeniambia Jumanne," alisema, "Jumatano ningewaletea hiyo chupa."

"Ningekuambia, wangesema mpenzi wako kakupangia la kujitetea. Nani angeiamini chupa?"

"Kwa hiyo wewe uko sahihi."

"Ndiyo."

"Na mimi sikula unga, niko sahihi. Wote tuko sahihi, na mimi natengeneza stuli." Akaokota nyundo. "Chukua chupa uende."

Elinipa akaichukua. Alimweleza Veneranda yote, pamoja na lile aliloonea haya tangu mwanzo. Veneranda alimkaripia robo saa nzima, kisha akaandika barua Dar. Siku tano baadaye majibu yakaja: kodeini, hakuna heroini. Gaudensi alirudishwa kazini. Ila ajira za kudumu zilikuwa zimetolewa Jumatatu iliyotangulia, nafasi zimekwisha. Ilimbidi apimwe kila mwezi kwa mwaka mzima, akingoja nyingine.

Hakumpigia Elinipa kumwambia. Yeye alisikia kwa Veneranda.

"Sasa leta maandishi," Veneranda alisema, akimsogezea karatasi. "Jina lako, jina lake, uhusiano wenu. Nataka iingie kwenye faili kabla sijafunga ofisi."

Elinipa aliandika *rafiki*. Akakata. Akaandika *jamaa*. Akakata. Alitokea kwenye korido akampigia Gaudensi, bila kutegemea kitu.

Ikapokelewa. Upepo wa bandarini ulivuma ndani yake.

"Sema."

"Gaude, mimi ni nani kwako?"

"Umeanza."

"Nauliza kikazi. Kuna karatasi. Kama yameisha, nitaandika tulifahamiana."

Alisikia mnyororo ukigonga chuma, na Castory akiita kwa mbali. Gaudensi alimwambia Castory asubiri.

"Andika mchumba," alisema.

"Hujanichumbia."

"Sina ajira ya kudumu. Kila mwezi nitakojoa mbele ya watu kama mtoto. Bangwe nzima inaniita mla unga. Nakuchumbia hivyo hivyo, maana nikingoja niwe mzima, sitapata nafasi."

"Mimi bado nimekukasirikia."

"Hata mimi. Jumanne ile bado inaniuma, Eli, sitakuficha."

"Najua." Alifuta pua kwa kiganja. "Veneranda anangoja karatasi."

"Basi andika, mama. Nina mzigo hewani."

Aliandika, akatia sahihi. Veneranda alisoma, akamtazama juu ya miwani, akagonga muhuri.

"Kuanzia leo hugusi kichupa chake, hufungui faili lake," alisema. "Majibu yake utayasikia kwake, akipenda kukwambia."

"Sawa," alisema Elinipa, akarudi kwa wagonjwa wake.