Kitambi cha Birame

"Kitambi kimekwenda wapi, Baba Astou?"

Birame Ndoye alikuwa mbele ya kioo, ameishikilia suruali yake ya kazini kwa mkono mmoja isimdondoke.

"Kitambi gani?"

"Kile nilichokilisha miaka ishirini na mbili. Wali wa samaki kila mchana, mtindi kila jioni. Mali yangu ile. Nauliza, kimekwenda wapi?"

"Jua kali mwaka huu."

"Jua linayeyusha watu wa ghorofa ya nne tu? Mbona mwenye duka hapo chini anacho chake?"

Birame akacheka kidogo, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa ncha ya kisu, akachukua begi la madaftari. Mlangoni aligeuka, akamtazama mkewe muda mrefu kuliko mtu anayewahi kipindi cha jiografia.

"Unajisikiaje leo?"

"Mzima. Kwa nini?"

"Basi tu."

Seynabou alisikia nyayo zake zikishuka ngazi mbilimbili kama za kijana, na moyo ukampiga paa. Dakar mwanamke hangoji kuambiwa. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa akianza kupungua tumbo, ujue kuna chumba mahali fulani kinapakwa rangi. Halafu Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, ndoa inafungwa msikitini, na mke mkubwa analetewa habari na mzee wa ukoo mwenye sauti laini. Mama yake aliletewa hivyo. Dada yake aliletewa hivyo. Seynabou alikuwa anaogopa Ijumaa tangu usichana wake.

Alishuka hadi chini kwa shoga yake Ndella Diop, mshonaji. Ngazi zilimtoa pumzi, ikabidi akae kwanza ndipo aseme.

"Nyinyi akina Ndiaye bwana," Ndella alianza, maana Diop na Ndiaye ni watani. "Mume anaibwa, nyinyi mmeinamia sinia."

"Leo sina nguvu za utani, Ndella. Birame anapungua."

Ndella akasimamisha cherehani.

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya Idi. Wiki ile nilipoteleza kwenye ngazi."

"Ulipozimia."

"Niliteleza. Saumu ilikuwa imenichosha, na daktari akasema nipumzike, basi. Usinibadilishie habari. Kila siku anatoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Anasema anakwenda mazoezi ufukweni."

"Mazoezi gani?"

"Mazoezi. Kwani yako mangapi?"

"Shoga yangu, tofauti iko hapo hapo." Ndella alishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Mwanamume anayekimbia, anakimbia presha. Daktari kamtisha kwamba mafuta yamejaa tumboni, basi anakimbia mpaka akauke kama samaki wa kuanikwa. Huyo mwache, ni wako. Lakini anayenyanyua vyuma ni mwingine. Yule mafuta yanatoka na kifua kinakuja. Sasa jiulize, kifua cha nini umri ule? Wewe si ulimkubali bila kifua?"

"Labda vyuma vinapunguza tumbo kuliko mbio."

"Vinapunguza, tena sana. Wangu alinyanyua miezi minne. Wa tano akaniletea mwenzangu."

Seynabou aliinuka, akapanda ngazi zake polepole. 

Jioni ile, Birame akiwa anaoga, simu yake ikatoa mlio wa ujumbe. Seynabou hakuwa mwanamke wa kupekua simu, na siku zote alijisifu hivyo. Akaipekua.

"Kesho saa kumi na mbili, usichelewe. Na mwambie mkeo. Akija kuyajua kwa watu wengine hatakusamehe. Yandé."

Aliusoma mara nne. Akairudisha simu palepale, akaenda jikoni, akawasha jiko, akasimama mbele yake bila kujua alitaka kupika nini.

Alfajiri alimfuata. Alijifunga mtandio mpaka machoni, akapanda teksi, akateremka mbali kidogo. Ufuko ulikuwa umejaa watu kama kawaida ya asubuhi, mamia kwa mamia wakikimbia makundi makundi kwenye mchanga uliolowa. Alimwona Birame akishuka kwenye mawe.

"Kimbia," alinong'ona. "Ya Rabi, mfanye akimbie tu."

Wakimbiaji wakampita Birame. Kundi la kwanza, la pili, la tatu. Yeye hakugeuza hata shingo. Alikwenda moja kwa moja kwenye vyuma, yale mabomba yaliyochomekwa makopo ya saruji huku na huku. Hapo alikuwa anamngoja mwanamke mrefu, mabega mapana, filimbi shingoni. Alimpiga Birame kofi la mgongoni kwa mazoea yaliyomchoma Seynabou kuliko tusi. Birame alinyanyua, akapumzika, akanyanyua tena. Kisha akajitwisha begani gunia la mchanga, akaanza kupanda nalo ngazi za mawe huku yule mwanamke akimhesabia. Juu kabisa aligeuka, akashuka nalo polepole, miguu ikimtetemeka.

Seynabou alitaka kwenda kumvua yule mwanamke filimbi yake.  Lakini aliogopa kwamba akiuliza atajibiwa. Akarudi nyumbani.

 Siku mbili alipika, akafukiza udi, akavaa shanga zake kiunoni, akalala macho wazi karibu na mume aliyegeuka mgeni mwenye mabega. Usingizini Birame alikuwa na tabia mpya ya kumwekea kiganja kifuani, upande wa moyo. Seynabou aliuona huo kuwa unafiki.

Ijumaa saa tano simu ikalia. Alikuwa mzee Mor, baba mdogo wa Birame.

"Mwanangu Seynabou, hamjambo?"

"Hatujambo, Baba Mor."

"Nitapita hapo baada ya alasiri. Birame kaniomba. Kuna jambo la kuzungumza, sisi watatu."

"Jambo gani, Baba?"

"La kuzungumza tukiwa tumekaa, mwanangu."

Sauti ilikuwa laini. Seynabou alikaa sakafuni palepale na simu mkononi. Alilia robo saa. Halafu akanawa, akatoa kanzu yake ya kitambaa kizito cha bluu aliyoivaa kwenye harusi ya binti yao Astou, akafunga kilemba, akapaka wanja. Kama ni kuuawa, atauawa akiwa amependeza.

Mzee Mor alifika akihema kwa ngazi. Alipokaa akatoa mfukoni kokwa mbili za kola, zile zile zinazogawiwa ndoa inapofungwa, akaziweka juu ya meza. Birame alikaa pembeni, ameinamisha kichwa.

"Mwanangu," mzee alianza, "mwanamke ni subira. Mungu humletea mja wake jambo zito, lakini..."

"Anaitwa Yandé," Seynabou akasema.

"Nani?"

"Mke mwenzangu. Msinizungushe, Baba. Nimemwona kwa macho yangu. Ndoa imefungwa leo au Ijumaa iliyopita?"

Mzee alimgeukia Birame, maneno yamemganda mdomoni.

"Wewe, umeoa? Umeoa bila kuniambia mimi?"

"Sijaoa, Baba Mor. Sijaoa mtu."

"Yandé ni nani basi?" Seynabou aliuliza.

"Ni kocha wangu."

"Kocha wa kutuma ujumbe mwambie mkeo? Mwambie mkeo nini?"

Birame alimgeukia mzee.  Mzee Mor akaguna.

"Sema, mwana. Umenipandisha ghorofa nne nikusemee, na mimi nimeshaharibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Maradhi ya nani?" Seynabou akauliza. Wote wawili wakamtazama yeye, naye akaelewa.

"Ile siku ya ngazi hukuteleza," Birame alisema. "Nilikuwa nyuma yako na mfuko wa vitunguu. Ulikata kauli, ukaniangukia. Nilijaribu kukuinua mara tatu, Seynabou. Nikashindwa. Nilikaa na wewe sakafuni napiga kelele mpaka wakatokea wanaume wanne. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Uso wako ulikuwa umebadilika rangi."

"Daktari alisema nipumzike."

"Wewe alikuambia upumzike. Mimi alinivuta pembeni. Presha imeupanua moyo, na mafuta ya tumboni yanazidi kuuchosha. Inaweza kutokea tena, na ikitokea uwahishwe hospitali. Sasa gari la wagonjwa linapanda mpaka huku juu?"

Seynabou alifungua kilemba, akakiweka mezani.

"Nikaenda kwa Yandé. Akanipangia kukimbia, maana kila mwenye kitambi anataka kukimbia. Nikamwambia sikuja kupungua. Nataka nguvu za kubeba kilo tisini na nne na kushuka nazo ngazi bila kuanguka. Kitambi kimeondoka chenyewe, sikukifukuza."

"Tisini na nne ni mimi?"

"Ndivyo walivyokupima kliniki."

"Na lile gunia?"

"Ni wewe."

 Mzee Mor aliziokota kola zake moja moja, akazirudisha mfukoni, akasema anakwenda kumsalimu mwenye duka. Seynabou alisubiri mlango ufungwe.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu unajua, unakula chakula changu na kuniuliza unajisikiaje leo."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mwili ni wangu."

"Niliogopa nikikuambia upungue utasema nimekuchoka. Wewe ni jongoma wangu, mwanamke aliyejaa akapendeza, mtaa mzima unageuka ukipita. Halafu niliogopa nikilisema kwa mdomo litakuwa kweli. Kila usiku nakuwekea mkono nione kama moyo unapiga. Silali, Seynabou. Mimi ni mwanamume mzima, na naogopa mpaka nasikia kichefuchefu."

"Ungeoa ningejua la kufanya. Ningelia, ningehamia kwa mama, ningerudi. Hili la kufa nalifanyaje mimi?" Akaipiga meza kwa kiganja. "Mbona hukuniachia nichague, Birame?"

Alilia kwa kelele, wanja ukashuka mpaka kidevuni. Birame alimpigia magoti, akaweka kichwa mapajani pake. Hakusukumwa.

Jumatatu Seynabou alikwenda mwenyewe kwa daktari, akamkataza mumewe kuingia. Alitoka na dawa za presha na kikaratasi cha mazoezi aliyoruhusiwa. Alfajiri iliyofuata alisimama na Birame mbele ya Yandé, amevaa raba mpya.

"Kwanza samahani," alimwambia. "Nilikutukana sana moyoni."

"Nimezoea, mama. Wake wengi hunitukana. Daktari kasemaje?"

"Nitembee. Na vyuma vyepesi kaviruhusu, mradi nisibane pumzi. Shoga yangu anasema nikimbie."

"Ukikimbia leo utavunja magoti, na moyo hauko tayari. Ukitembea tu na kujinyima chakula, utapungua, lakini mafuta yatatoka pamoja na nyama, ubaki umelegea. Kutembea ni kwa ajili ya moyo. Chuma ni cha kulinda nyama mafuta yanapoondoka. Tutafanya vyote."

"Na nyonga zangu?"

"Nyonga nyingine zitabaki."

"Ngapi?"

"Seynabou," Birame akasema.

"Nauliza. Nimezilea muda mrefu."

Siku ya kwanza alinyanyua bomba tupu mara sita, akakaa. Usiku huo aliamka akiusikiliza moyo wake mwenyewe, akashikwa na hofu hadi jasho, akamwamsha mumewe. Wakakaa kitandani wameshikana mikono mpaka adhana. Hofu haikwisha. Ila sasa ilikuwa ya watu wawili, na kila mmoja alijua mwenzake yuko macho.

Mwezi ulipokwisha, mizani ya kliniki ilisoma kilo tisini. Birame alishangilia. Asubuhi ile ufukweni alifungua mdomo wa gunia, akachota kilo nne za mchanga ili gunia lilingane naye. Seynabou akamshika mkono.

"Unafanya nini?"

"Nazipunguza. Umepungua."

"Rudisha."

"Lakini sasa wewe ni tisini."

"Rudisha, Baba Astou. Siku nikianguka tena sitaki uwe umeshazoea wepesi."

Birame akarudisha mchanga kiganja kwa kiganja, akalifunga gunia, akajitwisha. Seynabou akaanza kupanda ngazi mbele yake, polepole, bila kushika ukuta.