Kabla Bakuli Halijamfikia

Soko la Otara, soko la wahamiaji wa visiwani, hujaa Jumamosi asubuhi. Siku hiyo upande mmoja ulipigwa muziki wa Kitonga, upande wa pili wa Kisamoa, na katikati kulinukia maandazi na kome wa kukaanga. Eparama alipenya kwenye umati kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Bega lake likampiga kikumbo mwanamke mmoja, na mafungu ya majani ya magimbi yakamwagika chini.

"Wee baba! Nani anakufukuza?"

"Nisamehe mama, narudi sasa hivi!" alijibu bila kugeuka.

Mwanamke alibaki ameshika kiuno. Hakutegemea kumwona tena. Lakini alirudi, tena taratibu, mikono inachuruzika maji, uso umelainika. Akachuchumaa na kuanza kuokota majani, moja moja.

"Umeondoka na uso wa msibani," mwanamke akasema, "umerudi na uso wa harusini. Huko ulikokwenda wanagawa nini?"

"Wanagawa amani," Eparama akasema, na wote wawili wakacheka, ingawa yeye peke yake ndiye aliyejua ni amani gani.

Mwanamke alikuwa amevaa gauni refu la Kifiji, la bluu yenye maua meupe, na amepachika ua jekundu katika nywele zilizoanza mvi. Jina lake Salaseini. Mumewe, Inoke, alifariki miaka mitano nyuma, naye aliishi Mangere kwa kushona nguo za kanisani. Eparama alikuwa fundi wa vioo vya madirisha. Alimzika mkewe Merewalesi na tangu hapo alikuwa akila mkate wa dukani akiwa amesimama jikoni.

"Mtu wa kisiwa cha Kadavu wewe," Salaseini akamwambia. "Nyie mkitembea mnabomoa."

"Na wewe wa visiwa vya Lau. Nyie mkianza kusema, magimbi yanaota upya."

Alimbebea mzigo mpaka kwenye gari. Kabla hajafunga mlango alikuwa ameshapewa namba ya simu.

Wakaanza kupigiana kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate."

"Epa, huo si mlo, hiyo ni adhabu. Njoo kesho, kuna samaki wa nazi."

Akaenda. Akaenda na kesho yake. Alimbadilishia kioo kilichopasuka cha chumba cha kushonea, akakipangusa mpaka Salaseini akasema anaogopa ndege watajigonga. Kanisani watu walianza kuwatazama kwa jicho la kutabasamu.

Lakini Eparama alikuwa na lake. Miaka miwili sasa mkojo ulimtawala. Ulimwita ghafla, na akifika chooni ukatoka kidogo kidogo, kama bomba lililokanyagwa. Usiku ulimwamsha mara kwa mara. Alijua kila choo kuanzia Manukau mpaka bandarini. Kazini ulimpata akiwa ameshika kioo kikubwa na binamu yake Osea, mmoja huku, mwingine kule, na kioo hakiwekwi chini popote. Aling'ata meno mpaka machozi yakamtoka, Osea akidhani anamlilia Merewalesi.

Hakumwambia mtu. Mzee mmoja aliyewahi kufanya naye kazi alimnong'oneza kwamba ukienda hospitali kwa ugonjwa huo, wanakukata, na ukishakatwa habari ya mwanamke imekwisha. Sasa mtu anayemtaka mwanamke aanze vipi kumweleza mambo hayo?

Kwa hiyo alikuwa akiinuka na kutoka. Kwenye sinema aliinuka, kwenye chakula aliinuka, na kila mara simu yake ilikuwa mfukoni.

"Kila tukikaa vizuri unaondoka," Salaseini alimwambia siku moja. Alikuwa anatabasamu, lakini sindano ilikuwa imesimama mkononi. "Kuna nani huko?"

"Hakuna mtu, mpenzi."

"Haya."

Hata hivyo alikata kitambaa, cha kijani chenye majani ya dhahabu. Gauni lake na shati la Eparama, sare, kama wafanyavyo wanaotaka watu wajue kwamba ni wamoja. Kilichobaki ni Eparama kwenda kwa Sakiusa, kaka mkubwa wa Salaseini, kuomba. Ujane hauondoi adabu hiyo.

Sakiusa alikuwa mzee wa kanisa, mnene, mwenye sauti iliyotoka chini kabisa ya kifua. Mikeka ilitandikwa sebuleni. Eparama aliketi miguu imekunjwa, amevaa sulu, shuka ya kiunoni ya wanaume wa Kifiji, ya kijivu iliyopigwa pasi, na Osea pembeni yake akiwa msemaji, jino la nyangumi la kuombea mke mikononi. Tangu asubuhi Eparama hakuwa amegusa maji. Anayeomba haondoki kwenye mkeka kabla bakuli la kava, kinywaji cha mizizi cha heshima, halijamfikia. Kuinuka mapema ni kukataa nyumba na watu wake. Na choo kilikuwa nyuma ya Sakiusa, upande wa juu wanakokaa wakubwa. Kupita pale kulikuwa sawa na kuwakanyaga vichwani.

Osea alikuwa mtani wake tangu utotoni, na siku ile alipewa uwanja. Alizitaja koo. Alivitaja visiwa. Alimtaja babu yake Eparama aliyeogelea akiwa na nguruwe mgongoni. Kijana wa kuchanganya akamimina maji juu ya unga wa kava, akakamua kitambaa. Maji yakachuruzika ndani ya bakuli la mbao. Akainua, akakamua tena. Tiririri.

Sauti ile ndiyo iliyommaliza Eparama.

Aliinuka. Osea alinyamaza katikati ya neno. Nyuma ya pazia la jikoni Salaseini alishika kifua. Eparama alitoka kwa mlango wa chini, na kabla hajafika nyuma ya banda la gari, mwili ukamtangulia. Doa likasambaa kwenye sulu ya kijivu. Angerudije? Alikwenda kujifungia ndani ya gari la Osea.

Osea alikuja baadaye na jino la nyangumi likiwa limefungwa tena kwenye kitambaa chake.

"Wewe bwana umenifanya nini? Nilikuwa nimefika kwenye nguruwe! Kaka mtu anasema umemkataa dada yake mbele ya watu, usikanyage tena..." Akaliona doa. Kwa mara ya kwanza maishani alikosa mzaha. Akawasha gari.

"Kesho kwa daktari," alisema walipofika njia kuu. "Ukikataa nitakubeba kama kioo."

Jioni hiyo Eparama alimpigia Salaseini. Simu ikaita mpaka ikachoka.

Daktari wa njia ya mkojo alikuwa Mmaori mwenye mikono mikubwa na sauti ya upole, Daktari Tamihana. Alimpima, akampeleka kwenye picha, akamkalisha.

"Tezi dume yako imekua, inabana njia. Si saratani, tumeangalia. Nitapitisha kifaa chembamba kwenye njia yenyewe ya mkojo, sikupasui popote. Napuliza mvuke kidogo kwenye nyama iliyozidi. Inakufa, mwili unaiondoa polepole. Siku hiyo hiyo unarudi kwako."

"Mvuke? Kama wa birika?"

"Kama wa birika."

Eparama alitazama viatu vyake. "Na mambo mengine, daktari?"

"Mambo gani?"

"Ya mtu na mkewe."

"Una mke?"

"Nilikuwa karibu."

Daktari hakucheka. "Wengi wanabaki kama walivyokuwa. Siwezi kukuapia, lakini hiyo ni sababu mojawapo ya kukuchagulia njia hii. Ila nisikilize. Wiki za mwanzo utaniona mwongo. Itachoma, utakwenda haja mara nyingi zaidi, unaweza kuona damu kidogo. Vumilia. Nafuu inakuja kwa mwendo wa kobe."

Siku ilipofika walimpa dawa ya kumtuliza na ganzi. Alisikia msukumo na joto la kupita, basi. Muuguzi alikuwa bado anamsimulia habari za mbwa wake wakati daktari aliposema wamemaliza. Osea alimrudisha nyumbani akiwa na mpira wa mkojo na mfuko uliofungwa kwenye mguu.

"Bahati yako sisi wanaume tunavaa sulu," Osea akasema. "Ndani yake ungeficha hata mtungi wa gesi."

Siku iliyofuata mlango uligongwa. Alikuwa Salaseini, gauni jeusi, nywele hazina ua. Mkononi alishika shati la kijani la majani ya dhahabu.

"Nimekuletea shati lako. Kavae na huyo unayemkimbilia."

"Seini, kaa kwanza."

"Sikai. Simama wewe, unipokee kama mtu."

Eparama alisimama kwa taabu. Ndani ya sulu kitu kikatikisika na kutoa sauti ya maji. Salaseini akatazama chini.

"Hiyo nini?"

Eparama akainua upindo wa sulu mpaka chini ya goti, mfuko ukaonekana.

"Tezi dume," alisema. "Ndiyo iliyoniinua kwenye mkeka. Na kwenye sinema. Na siku ile sokoni."

Salaseini aliketi bila kukaribishwa. "Nilidhani una mwanamke."

"Mwanamke gani ananiita mara ishirini kwa siku, hata usiku hanilazi?"

"Nilimwona hivyo hivyo kichwani! Mwembamba, mwenye wivu." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaliweka shati usoni. Alipoliondoa alikuwa analia.

"Inoke alinificha kifua chake," alisema. "Kila siku, sijambo, sijambo. Mpaka siku niliyompigia simu akapokea muuguzi. Epa, mimi sitaweza tena. Kama ni kasoro niletee, nitaishi nayo. Ukinificha mwili wako, siolewi na wewe, hata kaka aje kunipigia magoti."

"Niliona aibu."

"Aibu kwa nani? Nimefua nguo za mume miaka ishirini na sita. Nitishike na mkojo?"

Eparama akaketi karibu yake, polepole, akiulinda mpira. "Sitakuficha tena," alisema. "Nianze leo?"

"Anza."

"Inachoma vibaya sana."

"Maskini wewe," akasema Salaseini, akamshika mkono. Kisha akainuka kwenda jikoni kuona kama kuna kitu zaidi ya mkate.

Mpira ulitolewa wiki ile ile. Daktari hakuwa amedanganya, mwanzo ulikuwa mbaya. Eparama alikwenda haja akikunja vidole vya miguu, akaona nyekundu, akaapa kwamba ametupa muda wake. Salaseini alipiga simu asubuhi na jioni, akiuliza bila kuzungukazunguka, naye akajibu hivyo hivyo. Wiki zikapita. Kuchoma kukapungua, kisha kukaisha. Asubuhi moja simu ya Salaseini iliita jua halijapanda.

"Epa? Kuna nini?"

"Nimelala. Nimefumba macho kukiwa giza, nimefumbua kumekucha. Na sasa hivi, Seini, ilikuwa kama bomba la zimamoto! Laiti ungesikia..."

"Usithubutu kunisikilizisha!"

"Kesho basi."

"Mshenzi wewe," akasema, na kwenye simu ilisikika kama neno la mapenzi.

Ilibaki nyumba ya Sakiusa. Aliyekosea hurudi na kava na jino la nyangumi kuomba radhi, na akikosea mara ya pili hana pa kurudi. Salaseini hakuwa amemwambia kaka yake lolote.

"Hilo ni lako," alimwambia Eparama. "Ukitaka sema, ukitaka nyamaza."

Mikeka ile ile, sebule ile ile. Sakiusa alimwangalia kama mtu anayeangalia mvua inayovujia ndani. Osea, kwa utani wake wote, alianza upya. Zikaja koo, vikaja visiwa, akaja babu, akaja nguruwe, na safari hii nguruwe alikuwa na watoto. Kijana akamimina maji, akakamua. Tiririri. Eparama aliisubiri ile haja. Haikuja. Alikaa, mikono juu ya magoti, akisikia maji yanavyotiririka, na kwa mara ya kwanza akaiona ni sauti nzuri.

Kifuu cha nazi cha kunywea kava kilikuwa kinajazwa kwa ajili ya Sakiusa. Sakiusa alihamisha goti. Akahamisha la pili. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Endeleeni," alisema ghafla, akainuka, akatoweka nyuma.

Kijana alibaki ameshika kifuu hewani. Nyuma ya pazia Salaseini alijiziba mdomo kwa ncha ya gauni.

Sakiusa alirudi taratibu, mikono imelowa, uso umelainika. Eparama aliujua uso ule. Akateremsha macho haraka.

Mzee aliketi. Alimtazama Eparama.

"Siku ile," akasema, "uliinuka kwa nini?"

Eparama angeweza kusema tumbo, au simu ya dharura. Alifikiria shati lililolowa machozi.

"Kwa sababu hiyo hiyo, kaka."

Kisha kifua kikubwa cha Sakiusa kikaanza kutikisika, kicheko kikapanda kutoka chini kabisa, na Osea akaanguka ubavuni juu ya mkeka. Sakiusa alijifuta macho, akanyoosha mikono miwili, akapokea jino la nyangumi.

"Mpeni kava huyu," alisema. "Shemeji yangu amekaa muda mrefu kuliko mimi."

Eparama akapiga viganja mara moja kwa heshima, akapokea, akanywa mpaka tone la mwisho. Nyumba nzima ikampigia makofi.

Baadaye, bakuli likiwa bado linazunguka, Sakiusa alimwinamia sikioni. "Leo umekaa, basi una daktari. Anakata?"

"Hakati, kaka. Ni mvuke. Ila mwanzo utamwona mwongo."

"Utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

Salaseini alitoka jikoni na sahani ya samaki wa nazi. Alikuwa amevaa gauni la kijani la majani ya dhahabu, ua jekundu likiwa mahali pake. Aliketi kando ya Eparama, kitambaa chake na cha shati la kijani alilovaa Eparama vikagusana, ikawa vigumu kuona kipi kinaishia wapi.

"Umekunywa vifuu vingi," alimnong'oneza. "Huinuki?"

"Siinuki," Eparama akasema, akanyoosha mkono kwenye sahani.