Ndoo ya Lava

Kila Jumatano baada ya masomo, Joviale alipitia kwanza soko la Birere kumsaidia mama yake kukunja vitenge vya kuuza, kisha akakimbia hadi kituo cha shirika la Tuonane. Alikimbia kwa sababu kulikuwa na kompyuta moja karibu na dirisha ambayo hakutaka mtu mwingine aikalie. Wenzake walikwisha kumjua. Hata akichelewa, kiti kile walimwachia ili kuepuka maneno.

Kazi ya Tuonane ilikuwa kuwakutanisha watoto ambao vita, volkano au safari za wazazi ziliwatenganisha. Watoto wa Goma, wa Bukavu na wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya hawakuweza kutembeleana kila wiki, kwa hiyo shirika liliwatengenezea mtaa ndani ya kompyuta. Humo kila mtoto alikuwa na mtu wake mdogo wa kwenye skrini. Alimtembeza, alimjengea nyumba kwa matofali, na aliandika maneno ambayo wengine waliyasoma papo hapo. Jumamosi, intaneti ya kutosha iliponunuliwa, vituo vyote viliunganishwa na mtaa ukajaa. Wafanyakazi wa shirika nao waliingia na watu wao wadogo, wakafundisha habari za kunawa mikono na kuchemsha maji ili kipindupindu kisienee.

Katika mtaa huo Joviale alikuwa nyota. Alijenga nyumba ya ghorofa yenye vioo vya buluu na maua mekundu mpaka juu ya paa. Wageni walisimama nje wakiandika, "Mama weee!" Naye akajiona yeye ni nani. Kiongozi wa kituo, Madame Henriette, alikuwa ametangaza kwamba mtoto mmoja angechaguliwa kuwa mwenyeji wa mtaa, wa kuwapokea wageni na kuwaonyesha njia. Joviale hakuwa na shaka hata chembe. Alikwisha kumwambia mama yake, na mama yake akawaambia wateja.

Halafu akaja Uwamariya.

Alikuwa msichana mkimya, rika moja na Joviale, kutoka kijiji cha upande wa Rutshuru. Vita vilipofika kwao alikimbia na shangazi yake, na sasa waliishi katika chumba cha kupanga mjini. Siku ya kwanza hakujua hata kushika kipanya. Joviale mwenyewe alimfundisha, tena kwa furaha, maana ni raha kumfundisha mtu ambaye bado hajui kitu. Baada ya muda Uwamariya akajenga nyumba yake: chumba kimoja cha udongo, jiko pembeni, migomba nyuma, na mbele ya mlango benchi refu na moto. Joviale aliitazama akacheka kimoyomoyo. Nyumba gani hii, haina hata dirisha!

Jumamosi ilipofika, Joviale alimsimamisha mtu wake mlangoni pa ghorofa akangoja sifa. Watoto wa Bukavu waliingia, wakaandika "Nzuri", wakapita. Wa Kanyaruchinya nao wakapita. Joviale aliwafuata aone wanakwenda wapi, akawakuta wote wamejibana kwenye benchi la Uwamariya wakiota moto. Mmoja alikuwa akisimulia jinsi mbuzi wa babu yake alivyokula kofia ya padri. Hata mfanyakazi aliyekuja kufundisha habari za maji aliamua kufundishia palepale.

"Madame, pale ni padogo," Joviale alisema kwa sauti ya kujali kila mtu. "Batoto bakuje kwangu. Kwangu iko nafasi mingi."

"Wacha, Joviale, bamekwisha kuikala," Madame Henriette alijibu bila kuacha kutazama skrini. "Uwamariya, ulifanya vizuri sana kuweka ile benchi!"

Maneno hayo yalimchoma Joviale. Alirudi kwenye ghorofa yake, akapanda ngazi, akashuka, na hakukuwa na mtu wa kumwona akipanda wala akishuka. Tangu siku hiyo hakuna alichokifanya Uwamariya kikampendeza. Aliposema aksanti, Joviale aliona anajipendekeza. Alipokaa kimya, aliona anaringa. Nyumbani mama yake alipouliza habari za mwenyeji wa mtaa, Joviale alisema kichwa kinamwuma, akaacha nusu ya ugali wake.

Jumatano, Madame Henriette aliwaambia kwamba mwenyeji angechaguliwa Jumamosi ile. Watoto walitoka uani kula maandazi. Joviale akabaki.

Miongoni mwa vifaa vya kujengea kulikuwa na ndoo ya lava, na ndoo hiyo ilikuwa mwiko. Wakati mmoja mvulana mtundu aliyeitwa Lévi aliimwaga kwenye soko la mtaa huo akicheka, na mtoto mmoja ambaye nyumba yao iliunguzwa na volkano ya Nyiragongo akalia mpaka akapelekwa kwao. Joviale alilijua hilo vizuri. Hata hivyo aliishika ndoo. Alijiambia ni tone tu, juu ya benchi tu.

Lava haikumsikiliza. Ilipanda juu ya benchi, ikaingia mlangoni, ikala migomba yote. Kwa hofu Joviale alichukua ndoo ya maji akaimwagia, na lava ikaganda papo hapo ikawa jiwe jeusi. Nyumba ya Uwamariya ikawa haipo tena. Joviale alitoka uani, akachukua andazi, akala pamoja na wengine kana kwamba hakuna kitu.

Uwamariya aliporudi kwenye kompyuta yake hakupiga kelele. Alifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatetemeka. Wote wakamgeukia Lévi.

"Ile siku ni miye, lakini leo si miye!" Lévi alilia. "Haki ya Mungu, Madame!"

"Nani mwingine anaweza kufanya mambo ya vile?" Madame Henriette aliuliza kwa hasira. "Rudia nyumbani kwanza. Usirudi hapa mpaka tujue."

Lévi alichukua mfuko wake akaondoka akifuta machozi kwa mkono wa shati. Joviale alitazama viatu vyake.

"Usilie, Uwamariya," Madame akasema. "Tutajenga ingine."

"Madame, ile ilikuwa nyumba yetu ya kule," Uwamariya akajibu. "Rafiki yangu Charline, tulipotezana mu njia tukikimbia. Siku zote tulikuwa tunaikala ku ile benchi, yeye upande wa jiko, miye upande wa mulango. Nilisema, kama iko Bukavu ao mu kambi, siku moja atapita mu mutaa, ataijua."

Joviale alisikia kila neno. Kumbe nyumba ile haikujengwa kushindana na ghorofa ya mtu.

Kesho yake alikuwa akikunja vitenge Birere kombokombo, mpaka mama yake akashangaa. "Mama yake na Lévi alipita hapa," mama alisema. "Mutoto anaapa si yeye, na hakuna mutu anamusadiki. Mama wa watu iko na haya ya kupita mbele ya batu."

Kitenge kilimponyoka Joviale mkononi. Akaanza kulia, na katikati ya kilio akaeleza yote, ndoo, maji na andazi. Mama yake alikiokota kitenge, akakikunja.

"Kesho utasema weye mwenyewe," mwishowe alisema. "Nitakusindikiza mpaka ku mulango. Kukusemea, hapana."

Ijumaa, Lévi na mama yake waliitwa kituoni. Joviale alisimama mbele ya wote. "Ni miye nilimwaga lava," alisema. "Lévi, unisamehe. Nilikuona unafukuzwa, nikanyamaza."

"Si nilisema!" Lévi aliruka. Mama yake alimshika bega, naye Madame Henriette akamwomba msamaha mtoto yule mbele ya wote, kwa kumhukumu bila kujua.

Uwamariya alimtazama Joviale. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Batoto bote balikuwa bakikuja kwako, na kwangu hakuna mutu."

Madame Henriette alieleza kwamba angeweza kuurudisha mtaa wote ulivyokuwa mwezi uliopita, lakini hapo kazi ya watoto wote wa vituo vyote ingepotea. Kuvunja jiwe lile nako kusingeisha kabla ya Jumamosi. Wakabaki wanalitazama.

"Sasa siye hapa Goma tunaishi juu ya nini?" Lévi akauliza. "Lava ilipita, tukajenga juu yake. Tujenge juu!"

Hata Uwamariya alicheka. Joviale alimpisha kwenye kiti cha dirishani, akakaa kando yake, akaleta matofali ya udongo kadiri alivyoagizwa. Upande uliopakana na jiwe alivunja vioo vyake vya buluu na kusawazisha bustani yake ili migomba ipate nafasi. Alijifunza kwamba jiko lilikaa kushoto, na kwamba Charline alipenda upande wa jiko kwa sababu mahindi ya kuchoma yalikuwa karibu.

Jumamosi vituo viliunganishwa. Watoto waliiona nyumba ya udongo juu ya jiwe jeusi, wakaja mbio, na Joviale safari hii akamketisha mtu wake pamoja nao, kwenye nafasi aliyoikuta wazi. Mtoto mpya wa kituo cha Bukavu akaja polepole. Aliizunguka nyumba, akapita kati ya migomba, akarudi mbele, akasimama. Kisha maneno yakatokea kwenye skrini: "Nani anaikala ku upande wangu?"

Uwamariya alipiga ukelele, kipanya kikaanguka. Ni Joviale aliyekuwa amekaa upande wa jiko. Alimwinua mtu wake haraka, akampisha Charline.

Madame Henriette alipomtangaza Uwamariya kuwa mwenyeji wa mtaa, Joviale alipiga makofi pamoja na wengine. Ya kwanza yalikuwa mazito, yaliyofuata yakawa mepesi kidogo.

"Mumeona, batoto," Madame alisema. "Wivu ulimudanganya Joviale kwamba rafiki yake anamunyanganya kitu, kumbe hakunyanganywa kitu. Na uongo wa kunyamaza ulimuumiza mutu ambaye hakuwamo. Ukiona roho inakuuma sababu ya mwenzako, umwendee, umuulize anajenga nini. Na ukikosa, sema kabla hawajamuhukumu mwingine."

Jumatano iliyofuata Joviale alichelewa Birere. Alipofika kituoni, kiti cha dirishani kilikuwa wazi kama kawaida. Alimshika Uwamariya mkono, akamketisha hapo, naye akaenda kukaa kando ya Lévi.