Hasira Yenye Jina Lingine

Kila asubuhi Mouna aliamka kabla ya kuitwa, akabaki kimya kwenye mkeka akisikiliza masufuria. Yakiwekwa chini taratibu, alijua siku ni njema, akaenda kunawa. Yakibamizwa, alivaa sare upesi upesi na kutoka bila chai. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita hapa Kalemie, na sauti za masufuria alizijua kuliko masomo.

Mwenye kuyashika masufuria hayo ni Yasmine, dada yake mkubwa, ambaye Mouna alimwita Yaya. Jamani, msidhani Yasmine alikuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini, na akikupenda anakupenda kweli: atakusuka nywele, atakuchekesha mpaka mbavu ziume. Lakini rafiki akipita bila kumsalimu, au mtu akikawia kumjibu simu, basi. Aliyekuwa malaika saa mbili, saa tatu amekwisha kuwa adui. Siku moja Mouna alilala kwa bibi yao bila kuaga. Aliporudi alikuta sare yake imekatwakatwa kwa mkasi. Yasmine alilia mchana kutwa akiomba msamaha, akaishona upya. Tangu siku ile Mouna alianza kumwogopa.

Majirani walisema ni shetani. Mama yao, Mama Zaina, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, hakuyataka maneno hayo. Alimpeleka Yasmine kwa daktari wa magonjwa ya akili, naye akaeleza kwamba ule ni ugonjwa unaoitwa borderline. Hisia za mgonjwa huja kwa nguvu na kuchelewa kutulia, naye huogopa kupita kiasi kwamba ataachwa.

"Hakulogwa," daktari alisema. "Wala si ukorofi. Kuna mazoezi, na atajifunza."

Basi kila Alhamisi Yasmine alikwenda kituo cha afya kujifunza kwa muuguzi, Mama Huguette, na Mouna alimsindikiza.

"Moyo ukifurika, kwanza mikono isifanye kitu," Mama Huguette alimfundisha. "Ulichoshika, kiweke mbali. Tia uso ndani ya maji ya baridi. Kisha pumua, na kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Halafu ujiulize: nimeona nini kwa macho yangu, na nini nimedhani tu? Ukishatulia, iite ile hisia kwa jina lake la kweli."

"Hasira," Yasmine alijibu. Kila wiki jibu lake lilikuwa hilo hilo.

"Angalia chini ya hasira, mwanangu. Kuna kitu kimelala pale." Kisha Mama Huguette akamgeukia Mouna. "Na weye, mambo ya nyumbani yako aje? Unamwogopa Yaya?"

Yasmine alikuwa amekaa pale pale, akimtazama.

"Hapana, Mama. Mimi sina neno."

Yasmine akatabasamu, akamshika mkono. Mouna akaona amefanya wema. Kumbe uongo ukishaingia nyumbani, hauji peke yake. Siku zilizofuata, shule ikifungwa, hakwenda nyumbani. Alikaa karibu na stesheni ya gari-moshi mpaka saa ambayo mama yao hurudi kutoka sokoni. Akiulizwa, alisema mwalimu anawabakiza kwa ajili ya mtihani.

Jumanne moja alichoshwa na jua, akaenda nyumbani mapema kidogo. Alipofika mlangoni alimkuta Yasmine amesimama kando ya cherehani, mkasi mkononi. Mama alikuwa bado sokoni.

"Umetoka wapi?" Yasmine aliuliza kwa sauti ya chini.

"Shuleni, Yaya. Mwalimu alitu…"

"Nadine wa darasa lenu alikuja hapa kuazima daftari. Ameniambia shule ilifungwa saa sita, na kwamba kila siku unakaa stesheni." Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni. "Unanikimbia. Hata weye, Mouna. Semeni tu mnanichukia, niende zangu, msinione tena."

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni mwa Mouna: nilikuwa kwa bibi. Lakini aliogopa. Aliogopa mkasi, na zaidi ya mkasi aliogopa kwamba Yaya angetoka kweli, ashike njia ya ziwani asirudi. Na yeye hakuwa na uongo wa kuzuia hayo.

"Yaya," alisema akiwa pale pale mlangoni, "ninakuogopa. Kule kituoni nilidanganya. Ninakupenda, lakini ninakuogopa kila siku."

Alipokwisha kusema, miguu yake haikungoja jibu. Alikimbia hadi kwa jirani, Mama Hortense, akamshika kitenge na kumwambia yote. Walisikiliza. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, na kimya kile kilimtisha Mouna kuliko kelele yoyote.

Mama Hortense akatangulia, Mouna nyuma yake. Walimkuta Yasmine amekaa chini kando ya ndoo, uso na kifua vimelowa maji. Mkasi alikuwa ameusukuma mbali, chini ya cherehani. Alikuwa anapumua polepole, midomo ikihesabu. Walingoja. Mama Hortense alikaa karibu naye.

"Si hasira," Yasmine alisema mwishowe. "Ni woga. Ninaogopa mtaniacha. Na kumbe mimi njo ninayewafukuza."

Akalia, na safari hii Mouna hakukimbia.

Alhamisi iliyofuata Mama Zaina aliacha ndagala zake, akaenda nao kituoni. Mama Huguette alisikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Yasmine, umefanya kazi ngumu," alisema. "Utaanguka tena, na utafanya tena. Njo vile watu wanapona." Kisha akamtazama Mouna. "Na weye unisikilize vizuri. Kumtuliza mtu mkubwa si kazi ya mtoto. Ukiona hatari, usisimame kujibizana. Toka, mwite mtu mzima, kama ulivyofanya. Lakini kusema kweli ni kazi yako, hata ukiwa unatetemeka. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ulipoficha woga wako, ulimfichia dada yako na dawa. Mimi nitamsaidiaje mtu kama sijui nyumbani kunaumaje?"

"Nimeelewa, Mama," Mouna alijibu.

Walipokuwa wanarudi, Yasmine alipunguza mwendo, akamwacha mama yao atangulie.

"Bado unaniogopa?"

Mouna alitazama mikono ya dada yake, kisha uso wake.

"Bado, Yaya. Lakini si kama zamani."

Neno lile lilimchoma Yasmine, Mouna aliona hivyo usoni mwake. Akavuta pumzi, akaitoa polepole, ndefu, na mikono yake haikufanya kitu.

"Asante," alisema. "Kesho nitakuuliza tena. Uniambie kweli."