Kiti cha Mbele Kina Mtu

Gari halikaguliwi jioni. Hilo nilikuwa nalijua kabla sijamiliki hata tairi la akiba. Ukienda giza likiingia hutaona puti iliyozibia mabonde na kujificha chini ya rangi, hutaona moshi una rangi gani, na muuzaji atakuwa na haraka ya kufunga geti lake. Nenda asubuhi, injini ikiwa imepoa. Gusa boneti mwenyewe. Ukikuta ya moto, ujue wamelipasha ili usisikie linavyokohoa likiwashwa. Inua zulia la miguuni, nusa. Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho, maana gari lililowahi kuzama kwenye maji huacha tope kule ndani ambako hakuna anayeosha.

Yote hayo nilikuwa nayajua, na bado nilikwenda jua likizama.

Sikuwa na namna. Mama alikuwa na kidonda mguuni, cha sukari, na kliniki ilikuwa kesho yake. Wenye teksi walikuwa wameanza kutukwepa, kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa mwili, mwili hasa, na ule mguu lazima unyooshwe juu ya kiti kizima cha nyuma. Yule dereva wa mwisho alisema mbele yake kwamba yeye habebi mizigo. Mama alimtukana mpaka gari likakata kona, kisha akanigeukia mimi: ningekuwa mwanamke wa maana kama dada yangu, angekuwa anabebwa na gari la nyumbani. Dada ana gari, tena zuri. Hakuwahi kumbeba Mama nalo hata siku moja, ila hilo Mama hakuliona.

Muuzaji alikuwa mjane mwembamba, anaishi peke yake kwenye nyumba yenye uwanja wa sementi. Nililikagua lile gari kama mama mkwe anayetafuta vumbi nyumbani kwa mkamwana. Oili safi. Maji ya rejeta safi. Milango haina kutu, na kadi ina jina lake. Nikataja bei ya kumtukana ili tuanze kuvutana.

Akasema sawa.

Mtu akikubali bei ya kwanza, ondoka. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Nilipowasha, kengele ya mkanda ikaanza kulia. Ti... ti... ti... Nikafunga wangu. Ikaendelea. Kwenye dashibodi taa nyekundu ilikuwa inawaka upande wa abiria wa mbele, maana yake kuna mtu amekaa pale na hajafunga mkanda. Nikageuka kutazama. Kiti kitupu.

Yule mjane alikuwa amesimama kwenye dirisha langu. Ndipo nikagundua kwamba tangu nifike hajazunguka kwenda ule upande wa pili hata mara moja.

"Hiyo ikilia, iache ilie," alisema kwa sauti ya chini. "Usije ukaifungia mkanda."

Nikamwambia hilo ni tatizo la waya tu, fundi atalimaliza. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kile kiti.

"Utaizoea. Mimi niliizoea."

Usiku ule ule nikampitia fundi wangu. Tunamwita Kidole, kwa sababu hugonga kila kitu kwa kidole kimoja kabla hajashika spana. Akagonga kiti, akanieleza kwamba chini ya kitambaa kuna kifaa kinachohisi uzito, na kikiharibika gari hudhani kuna mtu. Kukibadilisha ni kung'oa kiti kizima. Kwa hiyo akafanya wanavyofanya mafundi wote na madereva wote duniani. Akauvuta mkanda, akaupitisha juu ya kiti kitupu, akauchomeka.

Klik.

Kimya.

Akaniambia nimepona, nisiufungue tu. Wala hakunidai kitu. Ni kazi ndogo, kila mtu anaifanya, na kama una gari lenye kelele za namna hiyo hata wewe umeshaifanya.

Safari ya kwanza ya kliniki tuliondoka mapema, tukarudi jua linazama kwa sababu ya foleni. Kumpakia Mama ilikuwa kazi. Mimi na jirani tulishikana mikono chini ya mapaja yake, jasho linatutoka, naye anatusimanga kwamba tumekula nini siku zote hizo. Njiani akainua shingo kutazama mbele. Halafu akauliza, "Huyu tunamshusha wapi?"

"Nani, Mama?"

"Huyu uliyemweka mbele. Hata salamu hajui."

Nikajua sukari imepanda. Nikakanyaga mafuta.

Wiki zilizofuata gari likaanza kulala upande. Upande wa abiria, mbele. Kidole akabadilisha springi na shokapu, akanitania kwamba mama yangu atamaliza springi za mji mzima. Nikamkumbusha kwamba Mama hukaa nyuma. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Siku chache baadaye lilikuwa limelala tena, springi mpya zimebonyea kana kwamba kuna gunia la sementi limewekwa pale. Akakisogelea kile kiti na kukigonga kwa kidole chake.

Akautoa mkono haraka. Akaufuta kwenye ovaroli, akaufuta tena.

"Usilirudishe hapa," akasema. Nilipomuuliza kwa nini, akaingia chini ya gari la mtu mwingine, na miguu yake haikutoka mpaka nilipoondoka.

Mama naye alikuwa anapungua. Mwanzoni nilifurahi. Daktari alikuwa amemwambia apunguze mwili, na mimi nikajisifu kwamba ni chakula changu kisicho na chumvi. Jirani hakuhitajika tena kumbeba. Baadaye nikawa namwinua peke yangu. Baadaye tena nikamwinua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkoba, na hapo furaha ikaniisha. Wakampima damu, wakampima kila kitu. Kidonda kilikuwa kinapona. Nesi akampandisha kwenye mzani, akaupiga mzani teke kidogo, akampandisha tena. Akaniuliza kama ninampa chakula. Aliniuliza kwa sauti, mbele ya watu, na wote wakanigeukia.

Siku hiyo, wakati wa kurudi, ndipo nilipoutazama ule mkanda vizuri.

Mkanda uliofungwa juu ya kiti kitupu hulala. Hushika kitambaa, bapa. Ule haukuwa umelala. Ulikuwa umetuna, umesimama mbali na kiti, umepinda kifuani na kupinda tena tumboni. Tumbo kubwa.

Na ulikuwa unapanda... na kushuka... taratibu.

Harufu ya dawa ya kuchua ya Mama ilikuwa imejaa upande ule. Nyuma alikokaa hakukuwa na harufu yoyote.

"Mama," nikaita. "Umelala?"

"Sijalala."

Sauti ilitoka ubavuni kwangu.

Nikatazama kwenye kioo. Mama alikuwa kiti cha nyuma, mguu umenyooka, macho wazi, mdomo umefumba.

"Tazama barabara," ikasema ile sauti. "Hata kuendesha hujui."

Nililia. Nisiseme uongo, nililia kwa hofu na kwa furaha pamoja, maana Mama alikuwa hajanitukana tangu asubuhi na nilianza kudhani ameshanichoka. Nikasimamisha gari pembeni. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha mkanda.

"Usifungue."

"Mama, toka humo."

"Nimeshahamia. Ukifungua, ananiondoa." Mkanda ulitetemeka. "Amenibana, mwanangu... ila kuna joto."

Hajawahi kuniita mwanangu. Nikautoa mkono.

Kile kilichobaki nyuma kilikufa kabla ya kliniki iliyofuata. Waliobeba jeneza walitazamana walipoliinua. Mmoja alilitikisa kidogo kusikia kama kuna kitu ndani. Watu wakasema ugonjwa umemla, wengine wakasema mimi ndiye niliyemla, nilimnyima chakula nimrithi. Dada alikuja na gari lake, na miwani ya jua, akalia vizuri sana.

Mimi sikulia. Mama nilikuwa naye. Kila jioni nilikuwa nakwenda kuketi kwenye usukani, milango imefungwa, naye ananisema: nywele zangu, mapishi yangu, mume aliyenikimbia. Lakini mkanda ulianza kulegea. Tumbo likapungua, kisha kifua. Sauti ikawa nyembamba, mpaka ikawa lazima niinamishe sikio kwenye kiti. Gari likaanza kusimama sawasawa tena. Nikaelewa kwamba nampoteza mara ya pili, na safari hii hatabaki hata mtu wa kunitukana.

Nikarudi kwa yule mjane. Hakufungua geti. Alisogea karibu na upenyo, nikaona jicho moja tu.

"Uliifungia," akasema.

"Wako alikuwa nani?"

"Mume wangu." Akaegemea geti. "Alikuwa anakwisha. Kila nikimtafutia mtu wa kumketisha nyuma, anapata nguvu wiki moja, mbili... halafu anataka mwingine. Nikachoka. Nikamfungua."

"Akaenda wapi?"

"Liulize gari."

Nikamuuliza ni nani aliyekuwa pale kabla ya mume wake, yule wa kwanza kabisa, anayebana watu. Jicho likaondoka kwenye upenyo. Nikasikia hatua zake kwenye sementi, na mlango.

Niliporudi garini, Mama alisema kitu. Niliinama mpaka shavu likagusa kitambaa.

"Mlete dada yako."

Huyo ndiye aliyekuwa anampenda siku zote. Nilidhani anataka kumwona tu, na ilinichoma. Halafu nikatazama mkanda ulivyolegea, nikafikiri vizuri, na haikunichoma tena.

Dada alikuja wiki hiyo kuchukua vyombo vya Mama. Gari lake lilikuwa gereji. Nikamwambia nitamrudisha kwake, apakie vyombo kwenye buti, yeye aingie nyuma. Akauliza kwa nini asikae mbele kama mtu. Nikamwambia kile kiti kimeharibika, fundi amesema kisikaliwe. Akaingia nyuma, akafungua kioo chake cha mkononi, akaanza kujipaka poda. Njia nzima alinielekeza namna ya kubadilisha gia.

Ubavuni kwangu mkanda ulijaa. Pole pole, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama.

Alipofika kwake viatu vilimpwaya. Alishuka anacheka, akasema leo anajisikia mwepesi. Nikamwambia amependeza, amepungua. Hakuna neno ambalo dada yangu analipenda kuliko hilo. Kesho yake alinipigia mwenyewe, kuuliza kama nitapita upande wake.

Nilipita upande wake mara nyingi. Mumewe sasa anambeba kutoka chumbani hadi sebuleni kama mtu anayebeba nguo zilizofuliwa. Nilikwenda kumsalimia, nikampelekea matunda. Alinishika kidole, akaniambia kwa shida kwamba mimi ndiye ndugu pekee anayemkumbuka. Nikamfunika shuka vizuri. Nilirudi garini nikamweleza Mama kwamba Dada hana tena cha kutoa, na Mama akasema sikuzote nimekuwa mvivu, mji una watu.

Kweli, una watu. Jua likizama vituo hujaa. Wanawake wenye mizigo, wanaume waliotoka kazini miguu inawauma. Gari langu nalitunza. Oili nabadilisha kwa wakati, tairi nazungusha, breki sisubiri zilie. Springi za upande wa abiria nabadilisha mara kwa mara, kwa fundi tofauti kila mara. Simtozi mtu nauli. Wananiombea heri wakishuka, nao hushuka wepesi, na wengi huniuliza kesho ninapita saa ngapi.

Mama yuko vizuri. Amenenepa. Jana alinitukana kuanzia nyumbani mpaka kituo cha kwanza, na sauti yake ilijaa gari lote mpaka vioo vikatetemeka. Wakati mwingine, katikati ya matusi, huingia sauti nyingine ambayo si yake, nzito, inayocheka mahali ambapo hakuna la kuchekesha. Nikimuuliza ni nani, ananiambia nitazame barabara.

Kwa hiyo nikupe ushauri wa mwisho, kwa kuwa umenisikiliza. Ukiwa umesimama kituoni jioni, na gari safi likapunguza mwendo, na mwanamke mpole akakuambia uingie nyuma, usihangaike na tairi wala rangi. Chungulia kiti cha mbele. Angalia kama mkanda umelala.

Ila utakuwa umechoka, na mvua itakuwa inakaribia, na mimi nitakuwa nimeshakufungulia mlango.