Mdomo wa Venant

Jumamosi hiyo Chebet alitoka shifti ya wodini pale hospitali ya Westmead, Sydney, miguu ikimuuma, akaingia kwenye maduka ya Merrylands kununua sukari tu. Kwenye ngazi za umeme akamsikia mwanamume aliyekuwa mbele yake akinong'ona: "Mwenye gari jeupe lililoziba mlango wa kupakulia mizigo, anaombwa aliondoe." Kipaza sauti kilikuwa kimetangaza maneno hayo hayo kwa Kiingereza, sekunde moja tu iliyopita. Sukari ikasahaulika.

"Kaka, unaongea na nani?"

Mwanamume akageuka. Alivaa koti la kitenge cha bluu na shati lililonyooshwa hadi kola, uso ukiwa wa mtu aliyefumaniwa. "Na mtihani, dada. Nasomea ukalimani. Kila Kiingereza ninachosikia, nakitia Kiswahili. Hata kwenye treni."

"Pole kwa wanaokaa karibu yako."

Aliitwa Venant, mtu wa Bukavu. Siku za kazi alikuwa ghalani. Jumapili alisimama kanisani kando ya Mchungaji Libère, akiyatia mahubiri yake ya Kiswahili kwenye Kiingereza kwa ajili ya vijana waliokulia hapa. Walipokaa kunywa kahawa, Chebet akamuuliza maswali kama polisi.

"Mkalimani hasemi 'amesema,'" Venant akaeleza. "Mtu akisema 'ninaumwa,' na mimi nasema 'ninaumwa.' Mdomo wangu, maneno yake."

"Na 'nakupenda' je?"

"Hiyo, chérie, mpenzi wangu, sitangoja mtu aniambie kwanza."

Basi mwanamke wa watu akaisha kwa mapenzi. Miezi mitatu simu haikulala: umekula, umefika, umevaa sweta? Kitu kimoja tu Chebet alikificha. Mdogo wake Kiptoo aliishi Doonside na mwanamume mwenzake, Rufus, na wawili hao walikuwa wakipendana kama Chebet na Venant. Mtu wa kanisa angelipokeaje hilo? Kila Jumapili alisema atamwambia wiki ijayo.

Ilikuwa Oktoba 2018 Kiptoo alipomtumia video ya sekunde ishirini. Venant, kipaza sauti mkononi, akisema kwa Kiingereza kizuri: wanaume wanaolala na wanaume, nikiwakuta mtaani kwangu nitawapiga, na ninyi wapigeni. Chini yake Kiptoo ameandika: "Huyu niliyemwona kwenye picha zako ndiye shemeji unayenificha?"

Chebet akamtumia Venant video ile ile. Siku nane hakupokea simu zake. Ya tisa akapokea.

"Chebet, yale yalikuwa ya mchungaji. Unaijua kazi yangu."

"Kiptoo hakumsikia mchungaji. Amekusikia wewe. Ni mdogo wangu, Venant, na yeye ndiye unayetaka apigwe."

Venant akauliza taratibu, "Anaitwa Kiptoo? Yukoje?"

"Mcheshi. Anapika kukushinda."

"Nimekaa nikiisoma ile sheria mpya ya jimbo," akasema. "Mchungaji anaweza kuhubiri kwamba ni dhambi, ni imani yake, hakuna wa kumfunga. Kuwachochea watu wapige, hapo ni jela. Na ni sheria hiyo hiyo inayomlinda yeye asipigwe kwa ajili ya dini yake. Nilitaka kujua mstari uko wapi."

"Ulihitaji sheria ikuambie?"

"Hapana. Kwetu niliona maneno yakitangulia na mapanga yakifuata. Nilijua, na nikatafsiri. Hilo ndilo linaloninyima raha."

Jumapili Chebet akavaa gauni lake la kijani, akakaa kiti cha nyuma katika ukumbi wa shule walioukodi waumini. Mchungaji Libère akarudi kule kule, kwa wanaume wanaolala na wanaume. Akasema ni dhambi. Venant akasema ni dhambi, neno kwa neno. Akasema Mungu amekataza, Venant naye. Kisha mchungaji akapaza sauti: "Wakikaribia mlango huu, wapigeni."

Kiingereza hakikuja. Mchungaji akarudia. Vijana wakainua vichwa kutoka kwenye simu zao.

"Mchungaji," Venant akasema kwa Kiswahili, "imani yako nimeitafsiri yote. Kupiga sitatafsiri." Akaweka kipaza sauti juu ya kiti na kutembea hadi mlangoni. Mama mmoja akavuta mkoba wake asiuguse. Miaka sita ya kanisa lile, ndugu pekee aliokuwa nao Sydney, ikabaki ndani.

Chebet akamkuta kwenye maegesho, koti la kitenge begani.

"Jumapili ijayo utaenda wapi?" akamuuliza.

"Sijui, chérie. Kweli sijui."

"Kiptoo anapika pilau. Hajasema karibu. Amesema atakusikiliza kwanza." Akabonyeza namba, akampa simu.

Venant akaishika kwa mikono miwili. Ikaita mara tatu, sauti ya kijana ikasema haloo, na yeye akamtazama Chebet, kwa mazoea, kana kwamba angempa maneno. Chebet akaionyesha simu kwa kidole.

"Kiptoo," akasema. "Mimi ni Venant. Nilisema upigwe. Naomba unisamehe."